Upepo mkali na jua kali havitoshi: Jinsi mahali pa kujenga kituo cha kawi panavyochaguliwa

MSAFIRI anayefika Loiyangalani, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, hulakiwa na upepo usiompa nafasi hata ya kuvaa kofia. Anayeshuka kwenye basi mjini Garissa saa saba mchana hutafuta kivuli kabla ya kutafuta mzigo wake. Ni rahisi kwa wasafiri hao wawili kujiuliza swali moja: ikiwa nchi ina upepo na jua kiasi hiki, mbona mitambo ya kuzalisha umeme haijatapakaa kila mahali, na mbona bili ya stima haishuki?

Jibu ni kwamba upepo mkali au jua kali ni sifa moja tu miongoni mwa kadhaa. Kabla ya mahali popote kuitwa pazuri kwa kituo cha kawi, sharti maswali manne yajibiwe. Kwanza, upepo au jua la hapo ni kiasi gani, na huja saa ngapi? Pili, umeme utasafirishwa kwa njia gani hadi kwa watumiaji? Tatu, ardhi yenyewe na viumbe wake vinaweza kustahimili mitambo hiyo? Nne, ardhi hiyo ni ya nani, na je, mwenyewe amekubali?

Mahali panapofaulu katika maswali matatu na kushindwa katika la nne huwa hapajafaulu. Kenya imelijua somo hilo kwa gharama kubwa, na kumbukumbu za miradi yake zinatosha kulieleza.

Upepo hupimwa, haukisiwi

Nguvu iliyomo katika upepo haiongezeki sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Kwa hivyo, upepo wa mita 9 kwa sekunde una nguvu zaidi ya mara tatu ya ule wa mita 6 kwa sekunde, ijapokuwa mchungaji aliyesimama mlimani huenda asione tofauti kubwa hivyo baina ya siku hizo mbili.

Kanuni hiyo ndiyo inayofanya kosa dogo la vipimo kuzaa hasara kubwa. Mtaalamu akikadiria kasi ya upepo kuwa juu kwa asilimia 10 kuliko ilivyo, hesabu yake ya nguvu itazidi ukweli kwa takriban asilimia 33. Mkopo wa benki uliotegemea hesabu hiyo utakosa wa kuulipa.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la upepo ni mlingoti wa vipimo. Mlingoti huo husimamishwa mahali panapokusudiwa, ukiwa na vyombo vya kupima kasi na mwelekeo wa upepo katika vimo mbalimbali, na huachwa hapo kwa muda usiopungua mwaka mmoja ili misimu yote ipite. Wavuvi wa Pwani wanaelewa sababu ya subira hiyo. Anayepima wakati wa kusi pekee, akasahau kaskazi na siku tulivu za maleleji zilizo kati ya misimu hiyo miwili, atakuwa amepima nusu ya ukweli. Baadaye takwimu za mlingoti hulinganishwa na zile za miaka mingi za vituo vya hali ya hewa, isije ikawa mwaka uliopimwa haukuwa wa kawaida.

Sura ya nchi nayo ina usemi wake. Upepo wa Turkana hautokani na bahati. Hewa inayosafiri kutoka upande wa Bahari Hindi hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na inapopita katika mlango huo huongeza kasi, mithili ya maji yanayotoka kwenye mpira uliobanwa mdomo kwa kidole. Wanasayansi Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo katika makala ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka wa 1982, miaka mingi kabla ya mtambo wa kwanza kusimamishwa huko. Wastani wa kasi ya upepo katika eneo la mradi ni takriban mita 11 kwa sekunde, kiwango kinachopatikana mahali pachache duniani.

Milima ya Ngong ina faida ya aina nyingine. Upepo unaopanda mteremko hushika kasi unapofika kileleni, na huko ndiko mitambo miwili ya kwanza, msaada wa serikali ya Ubelgiji, iliposimamishwa mwaka wa 1993. Kituo hicho cha kampuni ya KenGen kilipanuliwa kuanzia mwaka wa 2009 hadi kikafikia megawati 25.5. Hata hivyo, kimo kina kodi yake. Hewa ya milimani ni nyepesi kuliko ya ufuoni, na hewa nyepesi husukuma mabawa ya mtambo kwa nguvu kidogo zaidi hata kasi ikiwa ile ile.

Isitoshe, mitambo haiwezi kubananishwa. Kila mmoja huacha nyuma yake upepo uliochoka na wenye misukosuko. Kwa sababu hiyo, huachiwa nafasi inayolingana na upana wa mabawa yake mara kadhaa, hasa kuelekea upande ambao upepo unaenda. Ndiyo maana shamba la upepo huonekana kama limetwaa ardhi kubwa, ilhali misingi ya mitambo na barabara zake hukalia sehemu ndogo tu ya ardhi hiyo.

Jua na joto si kitu kimoja

Kuhusu jua, kosa linalofanywa na wengi ni kudhani kwamba penye joto kali ndipo penye umeme mwingi. Paneli za sola huzalisha umeme kutokana na mwanga, si joto. Kwa hakika joto ni adui yake. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, na kwa kila nyuzi moja inayozidi hapo, paneli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake.

Paneli iliyo juani huwa na joto kuliko hewa inayoizunguka, pengine kwa nyuzi 25 au zaidi. Hewa ya Garissa ikifika nyuzi 35, paneli inaweza kufikia nyuzi 60, na hapo asilimia 14 ya nguvu zake huwa imepotea. Huko Eldoret, mji ulio karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nyuzi 23 humaanisha paneli ya nyuzi 48 na hasara ya takriban asilimia 9.

Hesabu hii inasaidia kueleza jambo lililowashangaza baadhi ya watu: vituo vitatu vya sola, kila kimoja cha megawati 40, vimejengwa Uasin Gishu, kaunti inayojulikana zaidi kwa mahindi na wanariadha. Mwanga wa kutosha upo, hewa ni baridi kiasi, na gridi ya taifa iko karibu.

Hii haimaanishi kwamba Garissa palichaguliwa vibaya. Kituo cha huko, chenye megawati 50 na kilichozinduliwa rasmi Desemba 2019, kina mwanga mwingi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kimejengwa kwenye ardhi tambarare ya takriban hektari 85. Mji wenyewe ulikuwa ukitegemea jenereta za dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi. Maana yake ni kwamba sifa hizi hupimwa pamoja, moja ikifidia nyingine.

Kuna mambo mengine yanayopimwa. Mawingu ya Juni hadi Agosti hupunguza mwanga katika sehemu za Kenya ya kati, wakati ambapo maeneo ya kaskazini yanaendelea kuangaza. Vumbi hufunika paneli, na kuliosha kunahitaji maji, ambayo mara nyingi ni haba pale pale penye vumbi. Kwa kuwa Kenya ipo kwenye Ikweta, paneli zingeweza kulazwa karibu bapa. Hata hivyo huinamishwa kidogo ili mvua isaidie kuziosha.

Na tofauti na upepo, kituo cha sola hukalia ardhi yake karibu yote. Hektari 85 kwa megawati 50 ni sawa na hektari 1.7 kwa kila megawati. Mahali penye rutuba, idadi hiyo ya hektari huwa ni chakula cha watu.

Umeme usio na njia

Hata palipo na upepo usio na kifani, umeme usioweza kumfikia mtumiaji hauna thamani. Mradi wa Ziwa Turkana ndio ushahidi mkubwa zaidi. Mitambo yake 365, ambayo kwa pamoja ina uwezo wa megawati 310, ilikuwa imekamilika kusimamishwa mwaka wa 2017. Ili kuifikisha huko kutoka bandari ya Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, ilibidi barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ikarabatiwe.

Lakini laini ya kusafirisha umeme huo hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Mwanakandarasi kutoka Uhispania alifilisika, na suala la fidia kwa wamiliki wa ardhi ambamo nyaya zingepita likachelewesha kazi. Laini ilitiwa umeme Septemba 2018, na mradi ukazinduliwa rasmi Julai 2019.

Katika muda huo wa kungoja, mitambo ilisimama kwenye upepo bila kumfaidi mtu, huku mkataba ukiilazimu nchi kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao ungezalishwa lakini haukuweza kuchukuliwa. Mzigo wa malipo hayo ulimwangukia mlipa kodi na mtumiaji wa stima. Wa Kisumu au Voi, ambaye hajawahi kufika Loiyangalani, alilipia laini iliyochelewa.

Linganisha na mradi wa Kipeto katika Kaunti ya Kajiado. Upepo wake hauwezi kushindana na ule wa Turkana, lakini kituo cha kupokea umeme cha Isinya kiko karibu, na laini ya takriban kilomita 17 ilitosha kuunganisha megawati 100 za mitambo yake 60, iliyoanza kuzalisha umeme wa kuuzwa mwaka wa 2021. Upepo wa wastani ulio karibu na laini waweza kuwa na faida kuliko upepo mwingi ulio mbali.

Suala la laini lina upande mwingine ambao huwakera wenyeji. Mwananchi anayeishi chini ya nyaya za kilovolti 400 hushangaa kuona umeme ukipita juu ya paa lake huku yeye akiwasha koroboi. Kitaalamu, umeme wa nguvu hiyo hauwezi kuteremshwa kijijini bila kituo kikubwa na ghali cha kuupunguza. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayamwangazii mtu nyumba. Kwa hivyo, mipango ya kuwapa umeme majirani wa mradi, iwe kwa gridi ndogo au kwa sola za nyumbani, inafaa kuwekwa kwenye makadirio ya gharama tangu siku ya kwanza.

Saa ya upepo na saa ya mtumiaji

Swali la "kiasi gani" huandamana na lile la "saa ngapi". Wakenya hutumia umeme mwingi zaidi jioni, watu wanaporudi nyumbani, wakawasha taa na televisheni. Mwaka wa 2025 kilele cha mahitaji kilipita megawati 2,300. Usiku wa manane mahitaji hushuka sana.

Jua huzama kabla ya kilele hicho kufika. Nao upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri, wakati nchi imelala. Katika saa hizo, stesheni za mvuke wa ardhini za Olkaria nazo huwa zinaendelea kuzalisha umeme, na wakati mwingine hulazimu baadhi ya mitambo ipunguze kazi kwa kukosa wa kuutumia.

Kutokana na hali hiyo, wapangaji hawatazami mahali pamoja pekee. Hutazama jinsi mahali hapo patakavyosaidiana na pengine. Sola ya mchana huwezesha mabwawa ya Mto Tana kuhifadhi maji kwa ajili ya jioni. Upepo wa eneo moja hupungua wakati ule wa eneo jingine ukizidi. Betri kubwa zinaweza kuhamisha umeme wa mchana hadi saa mbili usiku, ila gharama yake ni lazima ijumuishwe katika bei.

Ndege, popo na tumbusi

Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka miradi ya aina hii ifanyiwe tathmini ya athari zake na kupata leseni ya mamlaka ya NEMA kabla ya ujenzi kuanza. Wengine huiona tathmini hiyo kama karatasi za kuchelewesha maendeleo, lakini mitambo ya upepo huweza kuua ndege na popo, hasa ikisimamishwa katika njia wanazopita.

Huko Kipeto, tatizo lilikuwa tumbusi. Aina mbili za ndege hao zilizomo katika hatari kubwa ya kutoweka duniani huruka katika eneo hilo. Tumbusi hutumia upepo ule ule unaotafutwa na wahandisi, na anapoangalia mizoga chini haoni bawa linalomjia. Suluhisho lililotumika ni kuweka waangalizi wanaotazama anga na kuamuru mtambo usimamishwe ndege anapokaribia. Kusimamisha mtambo ni kupoteza mapato. Mahali pasipo na tumbusi pangekuwa na gharama hiyo ndogo zaidi, na hilo pia hupaswa kuhesabiwa wakati wa kuchagua.

Mwenye ardhi

Swali la nne ndilo lililoangusha mradi wa Kinangop katika Kaunti ya Nyandarua. Upepo ulikuwepo, fedha zilikuwepo, na gridi ya taifa haikuwa mbali kama ilivyo Turkana. Mradi huo ulikusudiwa kuzalisha megawati 60.8. Lakini Kinangop ni eneo la wakulima wadogo wa viazi, kabeji na maziwa, wenye vipande vya ardhi vilivyopakana. Wakazi waliteta kuhusu fidia, afya zao na hatima ya mashamba yao. Maandamano yalizuka, na mwaka wa 2015 mtu mmoja akauawa. Mapema mwaka wa 2016 wawekezaji walitangaza kuachana na mradi huo.

Turkana, mitambo ilijengwa, lakini swali la ardhi halikuzikwa nayo. Mwaka wa 2014 wakazi wa Marsabit walienda mahakamani kupinga jinsi ekari 150,000 za ardhi ya jamii zilivyotolewa kwa mradi. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana bila sheria kufuatwa, ikatoa mwaka mmoja ili kasoro hizo zirekebishwe. Mvutano wa kisheria uliendelea hata baada ya muda huo kwisha.

Kwa mfugaji, ardhi isiyo na ua wala nyumba si ardhi tupu. Huenda ndiyo malisho ya mwisho wakati wa kiangazi, au njia ya kuelekea maji. Ramani ya mhandisi huonyesha kasi ya upepo. Haionyeshi mahali ngamia walipokunywa mwaka wa ukame. Habari hiyo iko kwa wazee, na hupatikana kwa kuulizwa.

Kipeto walichukua njia tofauti. Mitambo ilisimamishwa kwenye mashamba ya watu wanaojulikana, wenye hatimiliki zao, waliokodisha sehemu za ardhi hiyo kwa malipo, nao mifugo wakaendelea kulisha chini ya mabawa. Jamii ikapewa hisa kupitia wakfu wake.

Pale ambapo ardhi ni ya jamii, sheria sasa iko wazi zaidi. Katiba ya mwaka wa 2010 inaitambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 inasema kwamba mkataba na mwekezaji haukubaliki mpaka uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Mkataba unapaswa kueleza athari kwa mazingira, fidia na malipo kwa jamii. Saini ya mzee mmoja au ya mwanasiasa katika hoteli ya Nairobi haitoshi.

Maswali ya kuulizwa mapema

Kuna methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Katika kilimo cha kawaida ina ukweli wake, lakini katika suala hili asiyechagua ndiye atakayejuta, kwa kuwa mtambo ukishasimikwa kwenye zege hauhamishwi.

Kwa hivyo, wajumbe wa mwekezaji wanapofika kwenye baraza la chifu wakiwa na ramani, mwananchi ana haki ya kuuliza. Mlingoti wa vipimo ulikaa wapi, na kwa muda gani? Laini ya umeme itapita mashambani mwa nani, na itakamilika kabla ya mitambo au baada yake? Nani atalipa ikichelewa? Ekari zinazoombwa ni ngapi, na zitakazotumika hasa ni ngapi? Mifugo itapita wapi? Malipo ya ardhi ni ya mara moja au ya kila mwaka, na yatapanda mapato ya mradi yakipanda? Mkataba ukifika mwisho, nani ataing'oa mitambo hiyo na kuirejesha ardhi katika hali yake?

Mwekezaji aliyechagua mahali kwa uangalifu atakuwa na majibu ya maswali hayo tayari. Asiye nayo ni afadhali arudi kuyatafuta kabla ya barabara kuchimbwa, kwa kuwa gharama ya kungoja mwaka mmoja zaidi wa vipimo na mikutano ni ndogo kuliko ile ya mitambo iliyosimama bila laini, au ya mradi uliofungwa baada ya mtu kuuawa.